Safari ya Booneville: siku nne na Mama kwenye kilima cha wagonjwa wa kifua

Siku ya kwanza, Jumanne. Dallas hadi Little Rock

Tumetoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mama amejifunga kitenge juu ya koti la baridi, chupa ya chai ameibana katikati ya miguu kama anapanda basi la Moshi. Ana miaka sabini na miwili, na huu ni mwezi wake wa pili hapa Marekani. Nilipomuuliza angependa kuona nini kabla ya kurudi nyumbani nilitegemea ataje bahari, au maporomoko ya Niagara ambayo wenzake wa kanisani walimwagiza picha. Akajibu, "Nipeleke kwenye ile hospitali ya kifua uliyonisimulia."

Nilikuwa nimemsimulia juu juu tu, siku tunapepeta mchele. Mimi ni mhudumu kwenye nyumba ya kutunza wazee, na mmoja wa wazee niliowahi kuwahudumia alilazwa Booneville, Arkansas, akiwa msichana. Alikumbuka kulala barazani wakati wa baridi na kuamka asubuhi blanketi limefanya barafu pembeni. Mama alisikia hayo akaacha kupepeta. Hakusema kitu siku ile. Baada ya wiki mbili ndipo akaniambia nimpeleke.

Kwa asiyejua kilichomgusa: Babu, yaani baba yake Mama, alilazwa Kibong'oto mwaka 1958. Kibong'oto iko Siha, mteremko wa magharibi wa Kilimanjaro. Ni hospitali iliyoanza 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na mpaka leo ndiko wanakopelekwa wengi wenye TB sugu nchini Tanzania. Babu alikaa huko mwaka mmoja na miezi saba. Mama alikuwa na miaka saba Babu alipoondoka. Alirudi amepona, akalima, akazaa watoto wengine wawili, akafariki 1991 kwa uzee. Lakini kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kilitundikwa peke yake kwenye msumari jikoni kwa Bibi miaka yote hiyo. Hakuna aliyethubutu kukinywea. Mimi mwenyewe nilichapwa siku moja kwa kuchotea maji, na sikuelezwa kwa nini.

Barabara kuu namba 30 imenyooka mpaka inachosha. Tumepita Texarkana, mji uliokaa juu ya mpaka, nusu Texas nusu Arkansas, kisha misonobari ikaanza kutubana pande zote mbili. Mama akasema inanukia kama West Kilimanjaro. Mchana tumekula maandazi na mayai ya kuchemsha ndani ya gari kwa sababu hakutaka kuingia hotelini. Tumefika Little Rock saa kumi na moja jioni, magoti yake yamevimba kidogo. Nimemkanda kwa maji ya moto.

Usiku kabla ya kulala akaniuliza, "Kwa nini wote waliwapeleka mlimani? Wazungu wa huku, na Waingereza wa kule kwetu?"

Nikamweleza ninavyojua. Katikati ya karne ya 19 daktari Mjerumani, Hermann Brehmer, alifungua hospitali Görbersdorf, kwenye milima ya Silesia ambayo leo iko Poland, akiamini hewa ya juu na chakula kizuri vinaponya mapafu. Huku Marekani daktari Edward Trudeau, yeye mwenyewe akiwa na TB, alikwenda milima ya Adirondack huko New York akijua anakwenda kufa. Hakufa upesi alivyotegemea, na katika miaka ya 1880 akaanzisha sanatoriamu, yaani hospitali ya kupumzishia wagonjwa wa kifua, huko Saranac Lake. Wakati huohuo, tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alisimama mbele ya madaktari wenzake Berlin akawaonyesha kijidudu chenyewe. Kuanzia hapo ilijulikana kuwa ugonjwa haurithiwi kwa damu ya ukoo wala si laana. Unatoka kifuani mwa mtu unaingia kifuani mwa mwingine kwa hewa. Kilichojulikana ni adui. Dawa ilichelewa zaidi ya miaka sitini. Katika pengo hilo ndimo sanatoriamu zilimosimama: hakuna dawa, basi mgonjwa apumzishwe, alishwe, apulizwe na upepo, na zaidi ya yote atengwe na watoto wake.

Za kwanza zilikuwa za matajiri. Masikini walibaki wakikohoa kwenye vyumba vya kupanga mpaka majimbo yalipoanza kujenga za serikali. Massachusetts ilitangulia, Rutland, mwaka 1898. Arkansas ilipitisha sheria 1909, na Booneville ikapokea wagonjwa mwaka uliofuata.

Mama akauliza, "Weusi pia?"

Nikamwambia kesho nitampitisha mahali.

Siku ya pili, Jumatano. Alexander, halafu barabara namba 10

Alexander ni kamji kadogo kusini-magharibi mwa Little Rock, dakika ishirini na kitu. Hapakuwa na cha kutembelea. Nilisimamisha gari kando ya barabara tukashuka, upepo mkali, Mama akashika kitenge chake kisipeperuke.

Sanatoriamu ya Booneville ilikuwa ya weupe peke yao. Hivyo ndivyo sheria ilivyotaka. Mtu mweusi wa Arkansas aliyeanza kutema damu mwaka 1910 hakuwa na kitanda cha serikali cha kulalia katika jimbo lote. Alibaki nyumbani, kwenye kibanda cha mkulima wa pamba, chumba kimoja na watoto sita. Na kwa sababu ugonjwa huu hula penye msongamano na njaa, ndio waliokufa zaidi. Ilipofika 1931 ndipo sanatoriamu ya weusi ikafunguliwa hapa Alexander, ikaitwa kwa jina la gavana wa zamani Thomas McRae. Miaka ishirini na mmoja imepita hapo katikati. Ilianza na vitanda vichache mno, na kwa miaka mingi iliongozwa na daktari mweusi, Hugh Browne.

Miaka ishirini na mmoja. Nilimtajia Mama hesabu hiyo kwa njia ya kwetu: ni mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo Babu yako angekuwa wa hapa, angefia nyumbani."

"Angefia nyumbani, Mama. Na huenda angewaachia nyinyi."

Baada ya sheria ya haki za raia ya 1964 kutengana huko hakukuweza kuendelea, na mwishoni mwa miaka ile McRae ikafungwa. Majengo yakawa makazi ya watu wenye ulemavu wa akili mpaka 2011. Mama aliomba kimyakimya, nikasikia tu "amina". Akaokota koni moja ya msonobari, akaifuta vumbi, akaitia mfukoni.

Kuna jambo jingine nililomwambia tukiwa tumerudi garini, kwa sababu linahusu kazi yangu. Huko New York, kisiwa cha Staten Island, palikuwa na hospitali kubwa ya TB ya jiji iitwayo Sea View. Karibu na 1929 wauguzi weupe walianza kuacha kazi kwa kuogopa kuambukizwa. Jiji likawaita wasichana weusi kutoka majimbo ya kusini, yakiwemo haya tunayopita, waje wasomeshwe uuguzi na kupewa kazi. Walikuja. Wengine waliugua. Ni mikono yao iliyowahudumia wagonjwa wa kwanza kujaribiwa dawa ya isoniazidi hapo Sea View, na mwaka 1952 magazeti yakapiga picha za wagonjwa wakicheza muziki wodini, watu waliokuwa wameandikiwa kufa. Ninapovaa glavu kila asubuhi nawakumbuka. Mimi ninalindwa na barakoa, chanjo na vipimo. Wao walikuwa na sabuni na imani.

Barabara namba 10 ni nzuri kuliko ile ya jana: Perryville, Ola, Danville, vijiji vyenye kanisa, kituo cha mafuta na ng'ombe weusi malishoni. Baada ya Havana mlima Magazine ukajitokeza mkono wa kulia, mrefu kuliko yote Arkansas, mita 839. Mama aliutazama kwa heshima. "Migomba yetu iko juu kuliko kilele chake," alisema, "lakini ni mlima. Una wingu lake."

Tumelala Booneville. Mji mdogo, watu wanapunga mkono.

Siku ya tatu, Alhamisi. Kilimani

Sanatoriamu iko kama maili tatu kusini mwa mji, juu ya kilima. Huwezi kupanda tu utakavyo, kwa sababu tangu ilipofungwa 1973 majengo ni makazi ya watu wenye ulemavu wa akili, na watu wanaishi humo leo. Nilipiga simu wiki tatu kabla kuomba ruhusa. Tulipokelewa na mzee mmoja mkazi wa mji, mpole, kofia mkononi muda wote aliozungumza na Mama. Nilikuwa natafsiri pande zote mbili.

Unapokata kona ya mwisho ndipo unaliona jengo la Nyberg, na miguu inasita. Lina ghorofa tano na urefu wa karibu mita 161. Lilikamilika 1941, wakati serikali ya Roosevelt ikimwaga fedha za ujenzi majimboni baada ya mdororo mkuu wa uchumi. Limeitwa kwa jina la Leo Nyberg, mbunge wa jimbo kutoka Helena, aliyesimama bungeni kulitafutia pesa. Huyo naye alikuwa amelazwa humohumo kwenye kilima. Hilo nililipenda. Alijua kitanda kimoja kina maana gani kwa mtu aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Mama alianza kuhesabu madirisha, akafika themanini na kitu akaacha.

Mzee akatueleza jinsi kilima kilivyokuwa mji kamili. Palikuwa na ng'ombe wa maziwa wa hospitali, mtambo wa maji, dobi, gari la zimamoto, simu na kanisa. Watu wengi wa Booneville walipata mishahara huku, na wapo wauguzi walioanza kama wagonjwa, kwa sababu aliyepona hakupokelewa vizuri alikotoka. Tangu kufunguliwa hadi kufungwa walitibiwa hapa zaidi ya watu 70,000. Nilipomtafsiria Mama akasema hiyo ni wilaya nzima.

Maisha yalikuwa ya kulala. Yule mzee niliyemhudumia Dallas alinieleza, na kila nilichosoma kuhusu sanatoriamu za zama zile kinafanana naye: unaamshwa, unapimwa joto, unakula, unalazwa barazani kwenye upepo. Mchana kuna saa za kimya kabisa, hakuna kusoma, hakuna kuandika, hakuna kucheka. Kucheka kunatikisa pafu. Kuinua mikono juu ya kichwa pia kunatikisa pafu, kwa hiyo mwanamke alichanwa nywele na mwingine. Maziwa na mayai mpaka unachukia. Makohozi unatemea kwenye kikopo cha karatasi ambacho baadaye kinachomwa moto. Wanaume upande wao, wanawake wao. Mgonjwa alipandishwa daraja polepole: wiki hii ruhusa ya kukaa kitini dakika kumi, mwezi ujao ruhusa ya kutembea mpaka mlangoni. Joto likipanda, anarudishwa kitandani kuanza upya.

Na palipokuwa hapatoshi, palikuwa na chuma. Madaktari waliingiza sindano kati ya mbavu wakapuliza hewa ili pafu lisinyae na kupumzika, nalo likishajaa tena wanarudia, kila baada ya wiki moja au mbili, kwa miaka. Wengine waliondolewa mbavu kabisa, tano, saba, upande mmoja wa kifua ukaporomoka moja kwa moja. Mama alishika ubavu wake niliposimulia. Akauliza kama Babu alifanyiwa hivyo.

"Hapana, Mama. Babu aliwahi dawa. Mwaka 1958 zilikuwapo tatu: sindano ya streptomaisini, isoniazidi, na ile chungu ya unga, PAS. Alichomwa sindano muda mrefu."

"Alichomwa kila siku," akasema. "Bibi yako alisema makalio yake yalikuwa kama gunzi."

Hapo nikakumbuka kitu ambacho kama mhudumu nilipaswa kukiunganisha zamani. Babu alikuwa hasikii vizuri. Ukoo mzima ulimwita kiziwi, na walikuwapo waliosema alirogwa na jirani waliyegombea naye mfereji wa maji. Streptomaisini huharibu sikio la ndani. Inaua kijidudu, lakini kwa baadhi ya watu inaondoka na usikivu, na hata kutembea kunakuwa kwa kuyumba. Nilimweleza Mama tukiwa tumesimama palepale chini ya madirisha yale. Alinitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo ni sindano."

"Ni sindano iliyomponya."

"Na yule jirani," akasema, "hatukuhudhuria msiba wake."

Sikuwa na la kumjibu. Mzee wetu hakuelewa tulichosema lakini alielewa nyuso, akasogea pembeni akajifanya anaangalia ndege.

Tulizunguka taratibu. Mama alitaka kuona kila kitu, na magoti yake leo hayakumsumbua, au hakusema. Kwenye picha za zamani tulizoonyeshwa kuna safu za vitanda vilivyotolewa barazani, vichwa vinachungulia kwenye mablanketi. Nyuso zote ni nyeupe. Mama aliangalia kila uso mmoja mmoja bila haraka. Nilidhani atasema kitu kuhusu jana, kuhusu Alexander. Alisema tu, "Huyu ni mtoto wa mtu," akaenda picha inayofuata, akarudia vilevile.

Halafu tukafika kwenye jengo la watoto.

Lilijengwa 1924 kwa msaada wa Freemason wa Arkansas. Watoto walilazwa humo peke yao, wengine wakiwa na mama mgonjwa kwenye jengo jingine lililo umbali wa kurusha jiwe. Mzee akasema walisoma darasani kama shule yoyote ila katikati ya masomo walilazwa. Nikatafsiri. Akaongeza kwamba mzazi mgonjwa hakutakiwa kumbusu mwanawe, na nikajua hilo lilikuwa la kawaida katika karibu sanatoriamu zote, kwa hiyo nikalitafsiri harakaharaka nikitaka tuendelee.

Mama alikaa chini. Si kwenye benchi. Kwenye ngazi, palepale.

Haya aliyoyasema sijawahi kuyasikia, wala ndugu zangu hawajawahi. Siku za Jumapili Bibi alikuwa anatoka kihambani na kibuyu cha maziwa mgando na mtori kwenye sufuria iliyofungwa kwa kanga, anawachukua Mama na kaka yake. Wakikaribia Kibong'oto anawaacha barabarani chini ya mringaringa. Ni Bibi aliyekataza wasisogee, si mtu wa hospitali. Alikuwa amezika dada zake wawili kwa kifua na hakutaka kuzika tena. Babu anatoka barazani, anainua mkono, wao wanainua mkono. Basi. Hiyo ndiyo ziara. Jumapili moja Mama alishindwa. Alikimbia. Alipita uwanja akafika karibu kabisa, akamwona baba yake amekonda, na macho makubwa. Babu alivuta blanketi akafunika mdomo na pua, akageuka, akaingia ndani kwa kasi mpaka akajikwaa kizingitini.

"Nilijua hanitaki," Mama akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Aliporudi nyumbani nilimhudumia, nilimpikia, nilimzika. Lakini moyoni nilikuwa nimeliweka pale: siku ile hakunitaka."

Miaka sitini na mitano.

Nilikaa naye kwenye ngazi. Mzee akavua koti lake akamtandikia Mama magotini, akaondoka bila neno. Hatukuona sehemu iliyobaki ya kilima, na sikujali.

Siku ya nne, Ijumaa. Kurudi, kwa njia ya Waldron na Mena

Tumeamua kurudi kwa barabara ya kusini, katikati ya milima ya Ouachita. Ukungu mpaka saa nne asubuhi. Mama alilala vizuri, amekunywa chai vikombe viwili.

Njiani aliuliza swali ambalo tulikuwa tumelizunguka siku zote tatu: kama hewa ya mlima ndiyo dawa, mbona walifunga?

Nikamwambia hewa haikuwa dawa. Ilimsaidia aliyekuwa na bahati, mwili ukapata nafasi ya kujipigania, na iliwakinga waliobaki nyumbani. Dawa ilianza Oktoba 1943, kijana mmoja aitwaye Albert Schatz, kwenye maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, alipopata streptomaisini kutoka kwenye vijidudu vya udongo. Udongo wa kawaida, wa shambani. Mwanzoni kijidudu cha TB kiliizoea haraka, wagonjwa wakapata nafuu kisha wakaanguka tena, mpaka ilipojulikana kwamba lazima dawa zichanganywe, moja ifunge mlango ambao nyingine imeuacha wazi. Zilipopatikana tatu, watu wakaanza kupona kwa maelfu. Halafu India, mji wa Madras, kuanzia 1956 watafiti wakawagawa wagonjwa masikini makundi mawili, wengine wakalazwa sanatoriamu kwa chakula kizuri na kitanda, wengine wakapewa dawa zilezile wakibaki kwenye vyumba vyao vya msongamano. Matokeo yakatoka yanalingana. Na ndugu wa waliobaki nyumbani hawakuambukizwa zaidi ya ndugu wa waliolazwa, kwa sababu mtu akianza dawa sawasawa, kukohoa kwake kunaacha kuwa hatari mapema.

Kuanzia hapo kilima chochote cha wagonjwa, Arkansas au kwingine, kilikuwa kinasubiri kufungwa.

"Lakini bado ilikuwa mwaka na nusu ya dawa," nikasema. "Nani amemeza vidonge mwaka na nusu akiwa hajisikii kuumwa? Sasa ni miezi sita. Unajua hiyo miezi sita ilipatikana wapi?"

"Ulaya."

"Kwetu, Mama. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia." Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza na wa Afrika Mashariki walijaribu kuongeza rifampisini au pirazinamidi kwenye dawa za zamani, wakafupisha mpaka miezi sita, wakawafuatilia wagonjwa waone nani anaugua tena. Ilishika. Walioweka miili yao hapo ni wagonjwa wa hospitali zetu, watu wa aina ya Babu, wakulima na makuli ambao majina yao hayako kwenye jengo lolote.

Na kuna Karel Styblo. Huyu nilimsimulia kirefu, kwa sababu namheshimu kuliko wote. Alikuwa daktari Mcheki. Vita ya pili ya dunia Wanazi walimfunga kambi ya Mauthausen, na humo ndimo alimopata TB. Alipona akaifanya kazi ya maisha yake. Mwaka 1977 alianza kufanya kazi na serikali ya Tanzania kwenye mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Hakujenga sanatoriamu. Alitaka darubini kwenye hospitali ya wilaya, dawa zisizokatika, mtu wa kumwona mgonjwa akimeza, na daftari ambamo kila mgonjwa anaandikwa mpaka mwisho wake: amepona, amekufa, au amepotea. Nchi masikini, barabara mbovu, baada ya miaka michache ya ujamaa vijijini, na wagonjwa wakapona kwa kiwango ambacho wengi hawakudhani kinawezekana. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua utaratibu huo likaupeleka dunia nzima. Kila mtu anayemeza dawa za TB mbele ya nesi leo, popote alipo, anafuata daftari lililojaribiwa kwetu.

Na bado ugonjwa huu unaua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka. Dawa ipo. Mama alisema anawajua wawili Sanya Juu waliokufa wakificha, kwa kuogopa kutengewa kikombe.

Alinyamaza baada ya hilo neno. Tukapita Mena. Mvua ikaanza, ikaacha. Tulikaribia De Queen ndipo akaomba simu.

Kwetu ilikuwa usiku, karibu saa tatu. Mjomba alipokea kwa wasiwasi, maana simu ya usiku huwa ya msiba. Mama akamtuliza, akamuuliza habari za migomba, mbuzi, mguu wa mkewe. Kisha akamuuliza kama nyumba ya jiko la Bibi bado imesimama.

Imesimama.

"Kile kikombe cha Baba kipo?"

Nikasikia Mjomba akitembea, mlango ukilia, mbwa. Alichukua muda. Kikombe kipo, akasema, kwenye msumari uleule, kimeota kutu kwenye mpini.

"Kishushe," Mama akamwambia. "Kioshe kwa maji ya moto na majivu. Kesho asubuhi watoto wakinywa chai, mmoja apewe hicho."

Mjomba akauliza kama amesikia vizuri. Mama akarudia, polepole, kwa Kichaga safari hii, huku mkono wake mwingine ukiwa mfukoni kwenye ile koni ya Alexander. Nilipunguza mwendo, mtandao usije ukakatika.